Je, Sayari Zote Huzunguka Upande Mmoja na Nyota Zao? Maelezo Kuhusu Sayari Changa na Funzo Lake kwa Muislamu

Bismillahir Rahmanir Rahiim. Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Maswahaba zake wote.

Ama ba'ad. 

Katika jumbe za simu, na wakati mwingine hata katika mawaidha, imeenea hoja isemayo kwamba kila kitu mbinguni huzunguka kinyume cha mwendo wa akrabu za saa, sawa na mahujaji wanavyotufu Al-Ka'aba. Anayeieneza huwa na nia njema. Anataka kumtia moyo nduguye katika dini. Lakini nia njema haitoshelezi mahali pa ukweli. Kijana anayesoma fizikia sekondari akiipeleleza hoja hiyo na kuikuta ina kasoro, huenda akadhani kasoro imo katika dini, na hali kasoro imo katika hoja aliyotumiwa.

Makala hii inaeleza elimu ya falaki imegundua nini kuhusu mwelekeo wa sayari na nyota zake, hususan sayari changa zilizoumbwa karibuni kwa hesabu ya mbinguni. Kisha tutaangalia Muislamu aichukue vipi elimu hiyo.

MAANA YA SWALI LENYEWE

Mkumbuke mtoto anayechezea pia. Pia inazunguka papo hapo kwenye msumari wake, na mstari unaopita katikati yake kutoka juu hadi chini tunauita mhimili. Sasa sisimizi atembee chini kwenye sakafu akiizunguka pia hiyo. Pia inajizungusha yenyewe, na sisimizi naye anaizunguka pia.

Nyota ni kama ile pia. Jua letu, kwa mfano, hujizungusha kwenye mhimili wake kwa muda wa takriban siku 25 katika sehemu yake ya kati. Sayari ni kama sisimizi, kwani huizunguka nyota katika njia yake. Swali la wanafalaki ni hili: je, njia ya sayari imelala sawa na mzunguko wa nyota, kama sisimizi aliye sakafuni? Au imeinama? Au sayari inakwenda kinyume kabisa, nyota ikijizungusha upande huu na sayari ikipita upande ule?

Tofauti hiyo hupimwa kwa digrii. Digrii 0 maana yake vimelingana kabisa. Digrii 90 maana yake sayari inapita juu ya ncha za nyota. Digrii 180 maana yake sayari inakwenda kinyumenyume.

UPANDE UPI? SIMAMA BAGAMOYO UTAZAME

Kabla ya kwenda mbali, ni vizuri tuelewe kwamba "kinyume cha saa" si sifa ya kitu peke yake. Inategemea mtazamaji amesimama upande gani.

Jambo hili mtu yeyote wa pwani yetu, kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi Bagamoyo na Saadani, anaweza kulihakikisha kwa macho yake bila darubini. Bagamoyo ipo digrii 6 na nusu hivi kusini mwa ikweta, na ipo karibu kabisa chini ya mstari mmoja na Makka kutoka kusini kwenda kaskazini. Kwa hiyo kibla yake ni kaskazini, ikipinda kuelekea mashariki kwa takriban digrii 2 tu. Ndiyo maana misikiti ya ukanda huu, pamoja na ule wa kale ambao magofu yake yapo Kaole, huelekea kaskazini.

Basi baada ya swala ya Isha, usiku usio na mawingu, toka nje ya msikiti usimame hivyo hivyo ukielekea kibla. Mashariki iko kuliani kwako. Nyota zinachomoza kulia, zinapanda, kisha zinashuka kushoto. Zinazunguka kinyume cha saa, zikiizunguka nukta iliyo chini kidogo ya upeo wa macho wa kaskazini. Sasa geuka uelekee kusini, upande wa Dar es Salaam. Mashariki imekuwa kushotoni. Nyota zinachomoza kushoto na kushuka kulia, na mzunguko ni wa kufuata saa.

Mbingu ni ile ile na mwendo ni ule ule. Kilichogeuka ni wewe. Vivyo hivyo sayari zinazolizunguka Jua: mwenye kuzitazama kutoka juu ya ncha ya kaskazini ya dunia ataona zinakwenda kinyume cha saa, na mwenye kuzitazama kutoka upande wa kusini ataona zinafuata saa. Hivyo anayesema "kila kitu mbinguni huzunguka kinyume cha saa" hajasema jambo lililokamilika.

Swali lenye maana ni lile tulilolitaja juu: je, sayari inakwenda upande mmoja na nyota yake?

HALI ILIVYO KATIKA JUA LETU

Katika mfumo wetu jibu ni ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zuhali, Urani na Neptuni zote hulizunguka Jua kuelekea upande ambao Jua lenyewe linajizungusha. Njia zao zimelala karibu kwenye bapa moja. Lakini hazikulingana kikamilifu na mzunguko wa Jua. Mhimili wa Jua umeinama kwa takriban digrii 7 ukilinganisha na njia ya Dunia yetu.

Na hata humu nyumbani mna vinavyotofautiana. Zuhura hulizunguka Jua kama wenzake, lakini hujizungusha kwenye mhimili wake kwa upande wa kinyume. Urani imelala ubavu. Mwezi mkubwa wa Neptuni uitwao Triton huizunguka sayari yake kinyumenyume.

Mwezi wetu pia haufuati bapa lile lile. Njia yake imeinama kwa takriban digrii 5 ukilinganisha na njia ya Dunia. Digrii hizo 5 ndizo sababu ya jua kutopatwa kila mwisho wa mwezi wa Kiislamu. Kila mwezi unapokaribia kuandama, mwezi hupita upande wa Jua, lakini mara nyingi hupita juu yake au chini yake kwa mtazamo wetu. Ni mara chache tu hupita sawasawa mbele yake, kama ilivyotokea tarehe 1 Septemba 2016, mwishoni mwa Dhul-Qa'da 1437, ambapo watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kuona Jua likibaki kama pete. Sisi wa pwani tulipata kupatwa kwa sehemu tu.

KWA NINI TUTARAJIE VILINGANE?

Wataalamu wanaeleza kuwa nyota huanza ikiwa wingu kubwa la gesi na vumbi. Wingu hilo huwa na mzunguko mdogo, nalo hujikusanya kwa uzito wake lenyewe. Kadiri linavyojikusanya ndivyo linavyozunguka kwa kasi zaidi, na ndivyo linavyotandazika. Sehemu kubwa huingia katikati na kuwa nyota. Inayobaki huzunguka pembeni kama sahani bapa, na ndani ya sahani hiyo sayari hujijenga, kuanzia vumbi, kisha mawe, kisha magimba makubwa.

Ikiwa nyota na sahani vimetoka katika wingu moja lenye mzunguko mmoja, basi inatarajiwa vyote viende upande mmoja. Hoja hii ni ya zamani. Wanafalsafa na wanahisabati wa Ulaya wa karne ya 18 waliifikia kwa kuangalia sayari za Jua letu tu, kwa kuwa hawakuwa na mfumo mwingine wa kulinganisha.

Mfano mmoja hauthibitishi kanuni. Ilibidi kungoja hadi 1995, pale Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva, Uswisi, walipotangaza sayari inayoizunguka nyota iitwayo 51 Pegasi, nyota inayofanana na Jua. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Tangu hapo zimejulikana sayari za nje kwa maelfu.

MTU ANAPIMAJE KITU ASICHOKIONA?

Nyota hizo ziko mbali mno. Hata kwa darubini kubwa, karibu zote huonekana kama nukta. Basi itajulikanaje kwamba nukta inajizungusha upande gani?

Njia inayotumika zaidi inategemea kupatwa. Sayari ikipita mbele ya nyota yake kwa mtazamo wetu, huziba sehemu ndogo ya nuru. Ni kupatwa kwa jua kwa namna ndogo sana. Sayari yenye ukubwa wa Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama Jua huziba takriban asilimia 1 tu ya nuru yake.

Sasa fikiria honi ya basi linalokuja kwa kasi kwenye barabara ya Bagamoyo. Likija kwako sauti yake huwa nyembamba, na likishakupita sauti huwa nzito. Nuru nayo ina tabia ya namna hiyo. Nuru ya kitu kinachokuja kwetu husogea kidogo kuelekea rangi ya bluu, na ya kinachokwenda mbali husogea kuelekea nyekundu.

Nyota inayojizungusha ina nusu mbili. Nusu moja inakuja kwetu na nusu nyingine inatukimbia. Sayari ikianza kupita mbele ya nusu inayokuja, huziba sehemu ya nuru iliyosogea kwenye bluu, na nyota nzima huonekana kama imeongeza wekundu kidogo. Ikivuka hadi nusu ya pili, hali hugeuka. Ikiwa dalili hizi mbili zimefuatana hivyo kwa kiasi sawa, sayari inakwenda upande mmoja na nyota. Zikifuatana kwa mpangilio wa kinyume, sayari inakwenda kinyumenyume. Na ikiwa sayari imeziba nusu moja tu mwanzo hadi mwisho, basi njia yake imeinama sana.

Njia hii inaitwa kwa majina ya Rossiter na McLaughlin, wanafalaki wa Marekani walioieleza mwaka 1924 kwa nyota zinazozungukana wawiliwawili. Mwaka 2000 Queloz na wenzake waliitumia kwa mara ya kwanza kwa sayari ya nje, ile ya nyota HD 209458.

Njia hii ina upungufu wake. Ukisimama ufukweni na kutazama mlingoti wa jahazi, ukiinama kushoto au kulia utajua. Ukiinama kukuelekea wewe, utauona umesimama wima. Kipimo hiki kina upungufu huo huo, kwani huonyesha mwinamo wa upande mmoja tu. Kwa hiyo wataalamu hutafuta pia kasi ya mzunguko wa nyota ili kukisia ule mwinamo wa upande wa pili, na huandika matokeo yao pamoja na kiasi ambacho huenda wamekosea.

NYOTA YA MPINGO NA SAYARI YA TANZANITE

Huenda baadhi ya wasomaji hawajui kwamba Tanzania ina nyota na sayari zilizopewa majina yetu rasmi. Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulipotimiza miaka 100, nchi mbalimbali zilipewa fursa ya kuchagua jina la nyota moja na sayari yake. Majina yalitangazwa mwezi Desemba mwaka huo. Nyota iliyopewa Tanzania, ambayo katika orodha za kitaalamu huitwa WASP-71, ikapata jina la Mpingo, mti wetu wenye kiini cheusi ambao Wamakonde huuchonga. Sayari yake ikaitwa Tanzanite, kwa jina la kito kinachochimbwa Mererani.

Mpingo ipo katika kundi la nyota la Nyangumi, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 1,000. Jioni za Desemba kundi hilo hupita karibu na utosi kwa mtu aliyeko Bagamoyo, ingawa nyota ya Mpingo ni hafifu mno kuonekana bila darubini. Sayari ya Tanzanite ina uzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, na mwaka wake mzima ni siku 2.9 tu. Iligunduliwa na mradi wa WASP, uliokuwa na kamera zake kisiwani La Palma na huko Sutherland, Afrika Kusini.

Je, Tanzanite inakwenda upande mmoja na Mpingo? Wagunduzi wake walipima, wakachapisha mwaka 2013. Jibu lao lilikuwa kwamba inakwenda upande mmoja, na kwamba kuna mwinamo wa takriban digrii 20, huku kipimo chenyewe kikiweza kukosea kwa takriban digrii 10. Baadaye, mwaka 2017, kundi jingine la wataalamu lilichapisha vipimo vipya kwa njia iliyoboreshwa zaidi. Mwinamo ukaonekana kuwa karibu na digrii 0. Nyota ni ile ile na sayari ni ile ile, lakini kipimo kimesahihishwa. Mfano huu tutaurejea mwishoni.

SAYARI ZILIZOPINDUKA

Kwa miaka michache ya mwanzo sayari nyingi zilizopimwa zilionekana kulingana na nyota zao. Kisha mwaka 2009 ikatangazwa WASP-17b, katika kundi la Akrabu, ambayo inaizunguka nyota yake kinyume na nyota inavyojizungusha. Baada ya hapo zikapatikana nyingine zilizoinama sana, na nyingine zinazopita karibu na ncha za nyota zao.

Likazuka swali. Je, sayari hizi ziliumbwa zikiwa zimeinama, au ziliumbwa zimelingana kisha zikapinduliwa na jambo lililotokea baadaye?

Sababu zinazoweza kupindua baadaye zinajulikana. Sayari mbili zinaweza kukaribiana na kuvutana kwa nguvu hadi moja ikatupwa katika njia nyingine. Nyota ya jirani inaweza kuivuta sayari polepole kwa mamilioni ya miaka. Zipo pia sababu zinazoweza kuinamisha tangu mwanzo, kwa mfano nyota jirani kuipinda ile sahani ya gesi na vumbi kabla sayari hazijakamilika.

Kuna jambo la tatu linalotatiza zaidi, nalo watu wa pwani wanalijua vyema: maji kujaa na kupwa. Mwezi huvuta bahari yetu, tukapata bamvua na maji mafu. Sayari kubwa iliyo karibu na nyota yake nayo huvuta mwili wa nyota, na mvuto huo ukiendelea kwa muda mrefu unaweza kuugeuza mhimili wa nyota polepole hadi ukalingana na njia ya sayari. Mwaka 2010 ilionekana kwamba nyota zenye joto kali zaidi ndizo zenye sayari kubwa zilizoinama mara nyingi, na zile zenye joto la chini zimelingana zaidi. Wengi waliona kuwa sababu ni huo mvuto, kwa kuwa hufanya kazi vizuri zaidi katika nyota za joto la chini.

Maana yake ni kwamba mfumo wa zamani uliolingana hautuambii ulizaliwa hivyo au ulilinganishwa baadaye. Ushahidi umefutika, kama nyayo za mchangani baada ya maji kujaa.

HAPA NDIPO SAYARI CHANGA ZINAPOHITAJIKA

Anayetaka kujua nyayo zilivyokuwa huamka alfajiri kabla maji hayajapanda. Wanafalaki nao huzitafuta nyota changa, ambazo mvuto bado haujapata muda wa kufuta kitu.

Nyota "changa" hapa ni ya mamilioni ya miaka. Jua lina umri wa takriban miaka bilioni 4.6. Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wazee wetu walilitumia kujua msimu wa kulima, ni nyota changa za zaidi kidogo ya miaka milioni 100. Na AU Microscopii, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 32 hivi, ina miaka kama milioni 20 tu. Tukilifananisha Jua na mzee wa miaka 60, AU Microscopii ni mtoto wa miezi mitatu.

Mwezi Juni 2020 ilitangazwa sayari inayoizunguka AU Microscopii, yenye ukubwa unaokaribia Neptuni na mwaka wa siku 8 na nusu. Ndani ya mwaka huo huo makundi kadhaa ya wataalamu, yakitumia darubini tofauti, yalipima mwelekeo wake. Yote yalikuta kwamba sayari inakwenda upande mmoja na nyota, na mwinamo ni mdogo.

Mwaka huo huo ulipatikana mfano mwingine kwa njia tofauti kabisa. Beta Pictoris ni nyota changa ya miaka kama milioni 20, na sayari yake ni kubwa, iko mbali na nyota, na picha yake ilitangazwa mwaka 2008. Sayari hii haikupimwa kwa kupatwa. Wataalamu waliunganisha nuru ya darubini nne huko Chile ili kuona nyota inajizungusha upande gani. Nayo imelingana, tofauti ikiwa ni digrii chache tu.

Beta Pictoris unaweza kuiona wewe mwenyewe. Katika miezi ya kaskazi, ukiwa mahali penye giza mbali na taa za mji, itafute Suheli, ile nyota kali ya kusini ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi wameijua kwa karne nyingi. Beta Pictoris ni nyota hafifu iliyo karibu nayo. Ipo umbali wa miaka ya nuru 63 hivi, kwa hiyo nuru unayoiona usiku huo iliondoka huko zamani za karibu na uhuru wa Tanganyika.

Nyingine changa zilizopimwa, kama DS Tucanae, V1298 Tauri na HIP 67522, zimetoa jibu linaloelekea huko huko. Kwa ujumla sayari changa zilizopimwa hadi sasa zimelingana na nyota zao. Hili linaipa nguvu rai kwamba, kwa kawaida, sayari huanza zikiwa zimelingana, na mengi ya mapinduzi makubwa hutokea baadaye.

Lakini "kwa kawaida" si "daima". Mwaka 2021 ilielezwa habari ya nyota K2-290, yenye sayari mbili ambazo zote zinakwenda kinyumenyume kwa pamoja, zikiwa kwenye bapa moja. Kama zingepinduliwa kwa kugombana, zisingebaki zimepangana hivyo. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba sahani yao ilipinduliwa tangu mwanzo na nyota jirani. Na mwaka 2024 ilitangazwa sayari ya miaka kama milioni 3 tu, katika kundi la Ng'ombe, upande ule ule wa mbingu ambako Kilimia huonekana. Sahani ya nje ya gesi na vumbi iliyobaki kwenye mfumo huo imeinama sana ukilinganisha na njia ya sayari. Yaani hata katika utoto, mambo yanaweza kuwa yameshapinda.

Isitoshe, sayari changa zilizopimwa bado ni chache. Nyota changa zina madoa mengi na milipuko, jambo linalofanya vipimo vyake kuwa vigumu.

MUISLAMU AICHUKUE VIPI ELIMU HII?

Kwanza, turejee kwenye hoja ya twawafu. Tunatufu Al-Ka'aba ikiwa upande wetu wa kushoto, mara saba, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam). Hiyo ndiyo dalili, nayo inatosha. Ibada hii haikungoja darubini kuthibitika. Anayeifunga kwenye madai kwamba kila kilichopo mbinguni kinakwenda upande huo, ameifunga kwenye kamba ambayo Zuhura, Triton na WASP-17b zinaikata. Na Aya mbili zinazotajwa sana katika mlango huu, ile ya 33 katika Suratul-Anbiyaa na ya 40 katika Surat Yaasiin, zinataja kwenda katika falaki bila kutaja kulia wala kushoto. Tusiongeze ambalo halikusemwa.

Pili, tuheshimu tofauti kati ya Wahyi na vipimo. Mfano wa sayari yetu ya Tanzanite unatosha. Mtu aliyesimama mwaka 2013 akajenga hoja ya imani juu ya mwinamo wa digrii 20, angefanya nini mwaka 2017 ulipoonekana kuwa karibu na sifuri? Kusahihishwa huku si aibu kwa wanafalaki. Waliandika tangu mwanzo kiasi ambacho huenda wamekosea, na wenzao wakarudia kazi. Huo ni uaminifu. Makosa ni yetu tukikichukua kipimo kinachoendelea kusahihishwa na kukitangaza kama jambo la yakini katika dini.

Tatu, tutofautishe falaki na kupiga falaki. Lugha yetu imeyaweka mambo haya mawili karibu sana, hadi mtu akisikia "mnajimu" hajui kama ni mwenye kupima nyota au mwenye kuuza bahati. Elimu ya kupima mienendo ya nyota, Jua na mwezi ni elimu ambayo Waislamu waliitumikia kwa karne nyingi kwa ajili ya nyakati za swala, kibla na miandamo. Ibn al-Shatir, mmoja wa wanafalaki wakubwa wa karne ya 14, alikuwa mwenye kusimamia nyakati za swala katika Msikiti wa Umawiyya, Damascus. Ama kudai kwamba nyota zikipangana hivi mtu atapata mchumba, au zikiinama vile biashara itaanguka, hilo ni katika ukahini na ramli ambazo Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amezikataza kwa ukali. Kulingana kwa sayari na nyota yake kunatueleza habari ya gesi, vumbi na mvuto wa zamani. Hakutuelezi lolote kuhusu riziki ya mtu wa Bagamoyo wala wa Dar es Salaam. Anayepokea fedha kwa kudai vinginevyo anakula mali za watu kwa batili.

Nne, tukumbuke kisa cha kupatwa kwa jua siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam). Watu walisema jua limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Yeye ndiye aliyefiwa, na ingekuwa rahisi kunyamaza na kuwaacha waamini hivyo. Hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba Jua na mwezi ni alama miongoni mwa alama za Allah, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kuishi kwake, na akawaelekeza kwenye swala na dua. Ndani ya kisa hicho mna funzo kwa kila anayetaka kuitetea dini kwa habari zisizo sahihi: hata pale kosa la watu lilipokuwa linamtukuza mwanawe, Mtume alilisahihisha.

KHITIMISHO

Sayari changa zilizopimwa kwa sehemu kubwa huzunguka upande mmoja na nyota zao. Za zamani zimechanganyika; zipo zilizolingana, zilizoinama na zilizopinduka. Chache zinaonekana kupinda tangu mwanzo. Hii ndiyo hali ya elimu kwa sasa, na vipimo vinaendelea.

Tunawanasihi walimu wa madrasa na maimamu wanaoulizwa na vijana kuhusu mambo haya wasione haya kusema kwamba jambo fulani bado linachunguzwa. Wawahimize vijana wasome hisabati na fizikia, kwani jamii inayogombana kila mwaka juu ya mwandamo wa mwezi inawahitaji watu wanaoijua falaki kwa undani. Na yeyote atakayepokea ujumbe wa simu unaodai muujiza mpya wa mbinguni, autafiti kabla ya kuusambaza, kwa kuwa ataulizwa kwa alichokisambaza.

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, na atukinge na kusema juu Yake tusilolijua.

Wallahu a'lam.